Baridi ya Sumbawanga na Ardhi Inayoyeyuka: Wataalamu Wanatabirije?

Ukipanda basi la kutoka Mbeya mwezi wa Julai, ukapita Tunduma ukaanza kukata uwanda wa Ufipa usiku, utamjua mwenyeji na mgeni bila kuuliza. Mwenyeji ana koti zito, kofia ya sufu na khanga au blanketi ya akiba kwenye begi. Mgeni ana tisheti. Mpaka mnafika Laela mgeni ameshaanza kuomba dirisha lifungwe, na mkifika Sumbawanga hana tena habari na hadithi za uchawi alizotaniwa nazo safari nzima, eti jina la mji lina maana ya "tupa uchawi". Shida yake ni moja tu: chai ya moto iko wapi?

Mimi ni mtoto wa huko, ndiyo maana nilijihesabu kuwa mtaalamu wa baridi. Halafu mwaka wa pili nikakutana na swali la mtihani lililotaka tueleze jinsi wanasayansi wanavyotabiri kuyeyuka kwa ardhi iliyoganda katika nchi za baridi. Niliandika kurasa mbili za siasa ya mazingira, za kudesa kwa jirani wa kimbweta. Nilisapu. Hasira yangu wakati ule ilikuwa ile ile ambayo wengi wenu mnayo: Siberia inatuhusu nini sisi? Hata barafu ya friji Sumbawanga mwezi wa sita haina mnunuzi.

Makala hii ni jibu ambalo ningepaswa kuandika siku ile. Nimelipata likizo, nyumbani kwa bibi, na sehemu yake kubwa imetoka kisimani.

Kwanza jina. Kitaalamu ardhi hii inaitwa pamafrosti, na maana yake ni ardhi yoyote, iwe udongo, mchanga au mwamba, ambayo joto lake halipandi juu ya nyuzi 0 kwa miaka isiyopungua 2 mfululizo. Kwa hiyo hiyo "daima" ya kwenye jina ni daima ya kisayansi, inaanzia miaka 2, ingawa sehemu nyingine imeganda tangu enzi za barafu, maelfu ya miaka iliyopita. Ipo Siberia, Alaska, Kanada ya kaskazini, uwanda wa Tibet, na kwenye vilele vya milima mirefu. Kaskazini mwa dunia peke yake inakaa chini ya eneo la kilomita za mraba karibu milioni 14. Tanzania yetu, maziwa yakiwemo, ingeingia humo karibu mara 15. Kule Yakutia, Urusi, imeganda kwenda chini hadi kama mita 1,500. Juu yake kuna tabaka jembamba ambalo huyeyuka wakati wa kiangazi chao na kuganda tena majira ya baridi. Majani na miti hukua kwenye tabaka hilo.

Ndani ya ardhi hiyo kuna nini cha kututia wasiwasi? Hapa Mfipa anaelewa upesi kuliko mtu mwingine, kwa sababu ya ntumba. Kwa ambaye hajawahi kuziona: ntumba ni vile vichuguu vya duara ambavyo wakulima wa Ufipa hutengeneza kwa kufukia majani chini ya udongo mvua zinapoelekea kwisha. Majani yakifukiwa kwenye udongo wenye joto na unyevu, vijidudu huyala, yanaoza, yanageuka mbolea, na msimu unaofuata ulezi unastawi. Ni mbolea ya bure. Sasa fikiria ntumba yenye ukubwa wa Siberia, ambayo majani yake yalifukiwa lakini hayakuoza kwa sababu ya baridi. Yamekaa humo na mizizi yake, mengine pamoja na mifupa ya tembo wa zamani wenye manyoya, kama nyama kwenye friza. Kaboni iliyohifadhiwa kwa namna hiyo inakadiriwa kuwa kati ya tani bilioni 1,460 na 1,600, karibu mara 2 ya kaboni yote iliyoko angani sasa. Umeme wa friza ukikatika, vijidudu wanaanza kula. Penye hewa wanatoa kaboni dioksidi, na penye maji yaliyotuama wanatoa metani, gesi ambayo kwa kipimo cha miaka 100 inashika joto karibu mara 28 zaidi kwa uzito ule ule.

Gesi haina kibali cha kuingia nchi. Ikitoka Yakutia inapasha joto hadi Ufipa. Swali linalobaki ni itatoka kiasi gani na lini, na hapo ndipo utabiri unapohitajika.

Turudi kisimani. Asubuhi moja ya Julai bibi alinituma maji. Nyasi zilikuwa na umande mzito, vidole vinauma. Nikavuta ndoo, nikachovya mkono, maji ya vuguvugu! Kila mtoto wa Ufipa anajua jambo hili, na kila mtoto wa Ufipa anajua pia kwamba maji hayo hayo mwezi wa kumi, jua likiwaka kabla ya mvua, ni ya baridi ya kupendeza. Bibi husema kisima kina busara, kinampa mtu kile anachokikosa. Lakini maji hayakubadilika. Kilichobadilika ni hewa na mkono wangu.

Joto husafiri ardhini polepole sana. Jua la mchana likipasha uso wa ardhi, wimbi lile la joto linaingia chini kwa sentimita chache na usiku unaingia kabla halijafika mbali. Kwa udongo wa kawaida, tofauti ya usiku na mchana inakuwa imefifia sana kabla ya nusu mita. Tofauti ya kiangazi na masika inafika chini zaidi kwa sababu ina miezi ya kusafiri, lakini nayo inafifia: ukifika mita 10 imebaki asilimia chache tu ya ile ya juu. Pia inachelewa. Kwenye kina cha mita 8 hivi, ule uvuguvugu kidogo wa msimu wa joto unafika nusu mwaka baadaye, wakati huku juu watu wanatetemeka. Chini ya hapo ardhi inakaa kwenye wastani wa joto la mwaka mzima, na ikibadilika, basi inabadilika kwa sababu miaka yenyewe inabadilika. Ndiyo maana wanaofuatilia pamafrosti hawaangalii baridi ya leo. Wanachimba shimo jembamba, wanashusha vipima joto kwa waya, wanasoma mwaka hadi mwaka. Shimo la mita 20 halidanganywi na wiki moja ya jua.

Mashimo ya namna hiyo yako mamia duniani, na data zake zinakusanywa pamoja. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kati ya 2007 na 2016 ardhi hiyo ilipata joto kwa wastani wa nyuzi 0.29. Ukisoma ndani zaidi unakuta kitu cha ajabu. Pale ambapo pamafrosti ni ya baridi kali na imeenea bila kukatika, joto lilipanda kwa nyuzi 0.39. Pale ambapo tayari ni vuguvugu, karibu na 0, na imebaki mabaka mabaka, lilipanda kwa 0.20 tu. Mtu wa haraka atasema basi zile za mabaka ziko salama zaidi. Kumbe ni kinyume.

Mwangalie muuza lambalamba na boksi lake la barafu. Asubuhi barafu ni ngumu. Saa sita mchana, jua la Dodoma linawaka, ukiingiza mkono maji ndani ya boksi bado ni ya 0. Saa nane bado 0. Boksi linapokea joto muda wote huo lakini kipimo hakisogei, kwa sababu joto lote linatumika kuvunja barafu kuwa maji. Kilo moja ya barafu inakula kilojuli 334 ili iyeyuke, bila kupanda hata nyuzi moja. Kiasi hicho hicho cha joto kingetosha kupasha maji hayo kutoka 0 hadi karibu nyuzi 80. Kipande cha mwisho kikiisha, boksi linachemka ndani ya saa moja na biashara imekwisha. Ardhi iliyosimama karibu na 0 kwa miaka mingi inaweza kuwa kama lile boksi la saa nane. Kipimo kimetulia na ndani barafu inakwisha. Kwa hiyo mtabiri anayesoma joto peke yake, bila kujua barafu imebaki kiasi gani, atalala usingizi mzuri mpaka siku ya mwisho.

Sasa hesabu kidogo, msikimbie. Karne ya 19 mwanafizikia aitwaye Josef Stefan, aliyefanya kazi Vienna, alitoa kanuni ya unene wa barafu inayojijenga juu ya maji ya bahari ya kaskazini. Ukiigeuza, inakupa kina ambacho ardhi itayeyuka katika kiangazi kimoja. Unahitaji vitu vitatu: joto la msimu, wepesi wa udongo kupitisha joto, na kiasi cha barafu kilichomo. Joto la msimu linapimwa kwa siku-digrii, yaani unajumlisha nyuzi za juu ya 0 za kila siku. Siku 100 zenye wastani wa nyuzi 10 ni siku-digrii 1,000.

Chukua udongo unaopitisha joto kwa wastani, wati 1.5 kwa mita kwa digrii, wenye barafu asilimia 30 ya ujazo wake, na siku-digrii 1,000. Kanuni inatoa kina cha mita 1.6. Ongeza joto la msimu kwa nusu, ziwe siku-digrii 1,500, kina kinakwenda karibu mita 2. Angalia vizuri: joto limeongezeka kwa asilimia 50, kina kimeongezeka kwa asilimia 22 tu, kwa sababu kina kinafuata kipeuo cha pili. Kila sentimita mpya ya chini inabidi ipokee joto lililopenya tabaka lote la juu yake. Halafu rudisha siku-digrii 1,000 na badilisha barafu tu, iwe asilimia 60: kina kinashuka hadi mita 1.1. Kwa hiyo viwanja viwili vyenye hali ya hewa ile ile, vikiwa vimetenganishwa na barabara, vinaweza kuyeyuka tofauti kabisa.

Na bado hatujagusa blanketi. Theluji ni blanketi kweli kweli, imejaa hewa ndani, inazuia baridi ya majira ya baridi isiingie ardhini. Theluji nene iliyowahi kuanguka inaifanya ardhi iwe na joto zaidi hata kama hewa juu yake iko nyuzi 40 chini ya 0. Majani mazito ya kuvu-nyasi hufanya kinyume wakati wa kiangazi, yanakinga jua. Moto wa nyika ukiyaunguza, kinga imeondoka. Kwa hiyo mtabiri wa pamafrosti lazima atabiri pia theluji, mimea na moto, na kila kimoja kina makosa yake.

Modeli za kompyuta kwa kweli ni kanuni hizi hizi zikirudiwa mamilioni ya mara. Unaigawa dunia kwenye viboksi, kila kiboksi kina tabaka za udongo, unaingiza hali ya hewa kutoka juu, unahesabu joto linashuka kiasi gani, barafu inayeyuka kiasi gani, unasogea hatua inayofuata. Ubaya ni kwamba kiboksi kimoja kinaweza kuwa na upana wa kilomita 100. Ufipa ingeingia kwenye viboksi vichache, Muze na Mbizi zikapewa joto moja! Aliyewahi kushuka barabara ile ya bonde la Rukwa anajua huo ni uongo. Juu Sumbawanga uko kama mita 1,800, ziwani ni kama mita 800, na kwa kawaida hewa inapata joto nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazoshuka. Unaondoka na sweta, unafika unatafuta kivuli.

Kuna jambo ambalo viboksi vinalishindwa zaidi. Ardhi yenye barafu nyingi haiyeyuki taratibu kutoka juu kama kanuni ya Stefan inavyotaka. Inabomoka. Barafu ikigeuka maji, ardhi inakosa nguzo, inatitia, shimo linajaa maji, maji yanayeyusha kingo, kingo zinaporomoka. Kule Batagay, Yakutia, msitu ulipokatwa miaka ya 1960 ardhi ilianza kumeguka, na leo kuna bonde lenye urefu wa kama kilomita 1. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba mbomoko wa namna hii utagusa chini ya asilimia 20 ya eneo la pamafrosti lakini unaweza kuathiri nusu ya kaboni iliyomo. Modeli kubwa nyingi bado hazihesabu hilo.

Waliojenga juu yake wanaijua habari hii bila modeli. Tarehe 29 Mei 2020, karibu na Norilsk huko Urusi, tangi la dizeli lilipasuka na tani kama 21,000 zikamwagika, nyingi zikaingia mitoni. Mwenye tangi alisema nguzo zilititia kwa sababu ardhi iliyeyuka, wengine wakasema ni uzembe wa ukaguzi. Nadhani vyote viwili vinaweza kuwa kweli, maana mkaguzi anayejua ardhi yake inayeyuka ana sababu ya kukagua mara mbili. Wachina, ambao nchi yao ilitujengea TAZARA, walipofikisha reli Lhasa mwaka 2006 ilibidi wapitishe kilomita kama 550 juu ya pamafrosti. Walitandika mawe yanayopitisha hewa na kusimika mabomba ya kutoa joto ardhini ili tuta libaki limeganda. Kwa lugha nyingine, walifunga friji chini ya reli.

Haya, mpaka hapa bado ni habari za watu. Lakini Tanzania nayo ina pamafrosti yake. Iko Kibo.

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliandika kwamba ameona theluji Kilimanjaro, na mabingwa wa jiografia London wakamcheka: theluji karibu na ikweta? Mmoja wao, William Cooley, alimpinga kwa miaka bila kuwahi kufika. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilipopimwa ilikuwa na eneo la kilomita za mraba kama 12. Mwaka 2011 zilibaki 1.76. Hapo katikati, mwaka 2002, kundi la Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio lilichapisha makala iliyosomwa dunia nzima. Walikuwa wamechoronga barafu ya kileleni mwaka 2000, na wakachukua vipimo vya eneo vya 1912, 1953, 1976, 1989 na 2000, wakavipanga kwenye grafu. Vikakaa karibu kwenye mstari ulionyooka. Wakaurefusha mstari hadi ulipogusa sifuri: kati ya 2015 na 2020 barafu yote itakuwa imekwisha.

Mwaka 2020 ulipita. Barafu ipo. Imechoka, imekatika vipande, lakini ipo.

Nimewasikia watu, hata humu chuoni, wakiishika habari hii kama rungu: mnaona, wanasayansi walidanganya! Mimi naona walifanya kosa ambalo mwanafunzi wa takwimu anafundishwa kulikwepa, la kurefusha mstari nje ya data bila kuuliza kitu kinachouendesha. Kibo wastani wa joto la hewa karibu na kilele ni kama nyuzi 7 chini ya 0. Hewa hiyo haiyeyushi barafu kirahisi. Watafiti kama Georg Kaser, Thomas Mölg na Douglas Hardy, ambao waliweka kituo cha hali ya hewa juu ya barafu yenyewe tangu mwaka 2000, walionyesha kwamba jua na ukavu ndivyo vinavyoila zaidi: barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, na theluji mpya ya kuifunika ni haba tangu hali ya hewa ya eneo hili ilipokauka mwishoni mwa karne ya 19. Kingo zinarudi nyuma, unene unapungua kwa kasi tofauti. Makadirio ya mwaka 2013 yaliyofuata njia hiyo yalisema barafu ya uwanda wa juu inaweza kwisha ifikapo 2040 na ya miteremkoni isivuke 2060. UNESCO mwaka 2022 ilitaja 2050. Mwelekeo haukubadilika. Tarehe ndiyo ilibadilika, na mantiki ya nyuma ya tarehe.

Na ardhi chini ya barafu? Ukiangalia joto la hewa tu, kilele chote cha Kibo kilipaswa kuwa kimeganda daima. Wataalamu, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Alaska huko Fairbanks, walizika vipima joto kwenye mwinuko tofauti wa mlima na wakakuta si hivyo. Pamafrosti imebaki mabaka machache. Mchanga wa volkano ni mkavu na mweusi, mchana unapashwa na jua, usiku unaganda, na mzunguko huo unajirudia kila siku ya mwaka, tofauti na Siberia ambako unajirudia mara moja kwa mwaka. Halafu kuna joto la kutoka chini. Kibo ni volkano iliyolala, na kwenye kreta ya Reusch bado kunatoka mvuke. Mtu wa Rukwa au Katavi haoni ajabu, sisi tuna Maji Moto kule Mpimbwe, ardhi inayopika yenyewe. Kanuni ya kwenye karatasi haikujua kwamba kuna jiko chini.

Sasa nirudi kwa bibi, maana yeye ndiye aliyenibana kuhusu utabiri. Msimu mmoja tuliambiwa mvua zingewahi. Akapanda mapema, mvua ikaja siku tatu ikakata wiki tatu, mbegu ikaoza na nyingine ikaungua. Ilibidi anunue upya, na bumu langu la muhula ule likapungua kwa sababu hiyo. Tangu hapo ukimwambia utabiri anacheka. Nilipomweleza habari ya Kilimanjaro na 2020 akacheka zaidi: "Mjukuu wangu, hao nao walipanda mapema."

Nikajaribu kumweleza kama ninavyowaeleza ninyi. Ripoti ya jopo la umoja wa mataifa la tabianchi ya mwaka 2019 haikusema "pamafrosti ya juu itakwisha mwaka fulani". Ilisema ifikapo 2100 eneo lake litapungua kwa asilimia 24, kwa kosa la 16 juu au chini, ikiwa dunia itapunguza gesi kwa nguvu. Ikiwa itaendelea kuchoma bila breki, ni asilimia 69, kwa kosa la 20. Kuna makosa ya aina mbili humo. Lile la 16 na 20 ni kutojua kwetu: theluji, barafu ya ndani, viboksi vikubwa. Ile tofauti ya 24 na 69 haitokani na kutojua. Hiyo ni binadamu atafanya nini, na hakuna modeli inayoweza kumtabiri. Ripoti ya 2021 inasema pia kwamba kwa kila nyuzi 1 ya joto la dunia, kaboni dioksidi ya pamafrosti itakayotoka ifikapo 2100 ni kati ya tani bilioni 3 na 41 za kaboni, makadirio ya katikati yakiwa 18. Pengo la 3 na 41 ni kubwa mno, nakubali. Lakini hata hiyo 18 inatuambia kitu: sisi binadamu kwa mafuta na makaa ya mawe tunatoa karibu tani bilioni 10 kila mwaka. Kwa hiyo anayekuambia pamafrosti ni bomu litakalolipuka usiku mmoja anatia chumvi, na anayekuambia ni habari ya Warusi anatia chumvi upande wa pili.

Bibi alisikiliza, akauliza swali ambalo sikuwa nimelisoma popote: "Na baridi ya huku, itakwenda wapi?"

Ni swali zuri kuliko lile la mtihani. Baridi inapopungua mlimani inahamia juu. Hewa ikipata joto kwa nyuzi 1, hali iliyokuwa mahali fulani utaikuta kama mita 150 juu zaidi. Kibo pamafrosti inaweza kupanda mpaka mita 5,895, basi. Kwetu vilele vya Mbizi vinaishia kwenye mita 2,400 na kitu. Msitu wa Mbizi, pamoja na mbega wekundu wanaokaa humo na vijito vinavyoshuka kuelekea ziwa Rukwa, uko tayari karibu na dari. Upande wa pili ziwa Tanganyika limeshaandika kumbukumbu yake: utafiti wa mwaka 2003 ulieleza kwamba maji ya juu yanapopata joto yanagoma kuchanganyika na ya chini yenye rutuba, na ule wa 2010, uliosoma tope la chini, ulisema joto la uso wa ziwa halijawahi kuwa juu hivi kwa miaka 1,500. Wanaokula dagaa na migebuka ya Kasanga waisome vizuri sentensi hiyo.

Lakini ardhi ya Ufipa yenyewe inapata joto kwa kasi gani? Kipima joto cha kurekodi ni kitu kidogo kama kidole, betri yake inakaa miaka. Vitatu tu, kwenye nusu mita, mita 1 na mita 3, vingetosha kuanza. Nimeandika hivyo kwenye wazo la utafiti wangu wa mwaka wa mwisho. Vya nusu mita na mita 1 nitaviweka pembeni ya shamba la bibi, cha mita 3 kwenye kisima cha zamani kilichokauka. Ruhusa nimeshapewa, kwa masharti mawili: kusiwe na waya unaoonekana barabarani, maana watu watasema mengi, na mashimo yawe yamefukiwa kabla hajaanza kutengeneza ntumba za maharage.